Jirobasi za Léopoldville: basi za umeme zilizoshindwa na matope

Jirobasi ilikuwa basi ya umeme isiyo ya kawaida. Haikuwa na waya juu, haikuwa na reli chini, na haikusukumwa na betri. Nguvu yake ilitunzwa ndani ya gurudumu moja zito la chuma, lililozunguka mbio sana chini ya sakafu walipokaa abiria. Katika dunia nzima, ni miji mitatu tu iliyozitumia kubeba watu kila siku: Yverdon kule Uswisi, Ghent kule Ubelgiji, na Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa. Na kati ya ile mitatu, mji uliokuwa na jirobasi nyingi kuliko yote ni ule wa kwetu Kongo.

Watu wengi wa mashariki hawajawahi kusikia habari hii. Hata Kinshasa, wazee wanaoikumbuka wanapungua kila mwaka. Lakini kwa sisi tunaoishi kando ya barabara ya Sake, Masisi, Nyabiondo mpaka Mpofi na Walikale, kuna jambo kubwa ndani yake. Mashini nzuri, iliyotengenezwa na mafundi wenye akili, ilikuja Kongo na ikakuta mvua, matope na bei ya umeme. Miaka minne tu, ikaachwa.

Kwa ufupi

- Jina: jirobasi (Wabelgiji waliandika gyrobus)
- Mvumbuzi: kampuni ya Oerlikon, Uswisi
- Mji: Léopoldville, Kongo ya Ubelgiji
- Miaka ya kazi: 1955 mpaka 1959
- Hesabu ya gari: 12
- Mistari: 4, yenye urefu wa kilometa 20 hivi kwa jumla
- Urefu wa gari: mita 10.4
- Uzito: tani 10.9
- Abiria: mpaka 90
- Mwendo wa juu: kilometa 60 kwa saa
- Umeme uliotumika: kilowati-saa 3.4 kwa kila kilometa

Tramu, basi ya waya, halafu jirobasi

Ili kuelewa vema, turudi nyuma kidogo. Tangu mwisho wa karne ya 19, miji mingi ya Ulaya na Amerika ilikuwa na tramu. Tramu ni gari la abiria linalopita juu ya reli katikati ya mji na kuchukua umeme kwenye waya uliotandikwa juu ya barabara. Ni gari la nguvu, linabeba watu wengi, na linakula umeme kidogo kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina msuguano mwingi. Ubaya wake ni mmoja: kutandika reli na waya kunakula pesa nyingi kabla hata abiria wa kwanza hajapanda.

Baadaye ikaja basi ya waya, ile inayoitwa trolibasi. Hiyo iliacha reli, ikatembea kwa matairi ya mpira, lakini bado ilifungwa na waya wa juu. Waya ukikatika, basi inasimama. Barabara ikifungwa, basi haiwezi kuzunguka pembeni.

Kwetu Afrika ya Mashariki pia, usafiri wa reli ndani ya mji uliwahi kuwako. Mombasa, kuanzia miaka ya 1890, kulikuwa na vigari vidogo juu ya reli nyembamba, na vilisukumwa na watu. Bwana mkubwa au mgeni anakaa juu ya kiti, na vijana wanasukuma kutoka nyuma. Vilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, gari za mota zilipoenea. Unguja nayo ilipata reli ndogo mwaka 1905, kutoka mjini mpaka Bububu, kilometa 11 hivi. Gari lake la moshi lilikuwa likipita katikati ya vichochoro, karibu kabisa na milango ya watu. Nayo ilifungwa katika miaka ya 1920.

Jirobasi ilitaka kuchukua uzuri wa tramu na kuacha gharama zake: itumie umeme, isitoe moshi, lakini isihitaji reli wala waya njia nzima.

Wazo lilitoka Uswisi

Uswisi ni inchi ya milima na maporomoko ya maji. Haina petroli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafuta yalikuwa shida kuyapata, lakini umeme wa maji ulikuwako. Hapo ndipo mafundi wa kampuni ya Oerlikon, karibu na Zürich, walianza kufikiria basi inayoweza kutumia umeme huo bila waya. Mhandisi anayetajwa sana katika kazi hiyo ni Bjarne Storsand.

Betri za wakati ule zilikuwa nzito, za risasi na asidi, na zilichukua saa nyingi kujaa. Basi ya mji haiwezi kusimama saa nyingi. Mafundi wakachagua njia nyingine ya kutunza nguvu: mzunguko.

Majaribio yalifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwezi wa kumi 1953, jirobasi za kwanza zikaanza kubeba abiria wa kila siku kati ya Yverdon na Grandson, miji midogo kando ya ziwa la Neuchâtel. Huko zilikuwa mbili tu.

Namna ilivyofanya kazi

Kama umewahi kusimama kwenye mashini ya kusaga mihogo au mahindi, umeona lile gurudumu zito la chuma kando ya mota. Fundi akizima mafuta, gurudumu haliachi kuzunguka mara moja. Linaendelea kwa muda, na mashini inaendelea kusaga kidogo. Ile nguvu inatoka wapi? Imetunzwa ndani ya mzunguko wenyewe. Ni vile vile pia ya watoto: unaizungusha mara moja, inaendelea yenyewe mpaka inachoka.

Jirobasi ilikuwa na gurudumu la namna hiyo, lakini kubwa. Upana wake ulikuwa mita 1.6, uzito wake tani 1.5, na lilizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo, ukingo wa gurudumu ulikuwa unakimbia karibu kilometa 900 kwa saa, sawa na ndege kubwa ya abiria. Ili hewa isilipunguzie mwendo, walilifungia ndani ya sanduku la chuma lililojazwa hidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi:

1. Basi inafika kwenye kituo chenye nguzo ya umeme. Shofere anainua mikono mitatu ya chuma iliyo juu ya paa, inagusa nguzo.
2. Umeme unaingia kwenye mota iliyounganishwa na gurudumu. Mota inalizungusha mpaka linafika mwendo wa juu. Hii ilichukua kati ya nusu dakika na dakika tatu, wakati abiria wanashuka na kupanda.
3. Shofere anashusha mikono, basi inaondoka. Sasa kazi inageuka: gurudumu ndilo linaloizungusha ile mota, na mota inazaa umeme. Umeme huo unakwenda kwenye mota nyingine inayosukuma matairi.
4. Shofere akifunga breki au akishuka kilima, nguvu ya basi inarudishwa kwenye gurudumu. Haipotei yote.

Kwa kujaa mara moja, basi iliweza kwenda mpaka kilometa 6 hivi kwenye barabara nzuri na tambarare. Kisha ilihitaji kituo kingine.

Ukifikiri vizuri, hata chukudu yetu inafanya jambo la kufanana. Chukudu haina mota. Inaposhuka kutoka milimani na mzigo wa viazi au makala, inatumia nguvu ambayo kilima kimeiweka. Tofauti ni kwamba chukudu inachukua nguvu yake kwenye mteremko, na jirobasi ilichukua yake kwenye nguzo ya umeme.

Kwa nini Léopoldville?

Katika miaka ya 1950, Léopoldville ilikuwa inakua kwa haraka isiyo ya kawaida. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 200,000. Mwaka 1959 walikuwa wamekaribia 400,000. Watu walitoka vijijini, kutoka Bas-Congo, Kwango, Kasai na kwingine, wakitafuta kazi kwenye viwanda, bandari, ofisi na nyumba za wazungu.

Mji wa wakoloni ulikuwa umegawanywa. Wazungu walikaa sehemu zao karibu na mto, na Wakongomani walikaa kwenye cité. Ofisi na kazi nyingi zilikuwa upande wa wazungu. Kwa hiyo kila asubuhi maelfu ya watu walipaswa kutoka cité kwenda kazini, na kila jioni kurudi. Wengi walitembea kwa miguu au kwa kinga, maana ndiyo waliyoweza kulipa. Serikali ya ukoloni ilihitaji usafiri wa watu wengi, na hapo ndipo jirobasi iliingia.

Kulikuwa na sababu nyingine mbili. Ya kwanza, mafuta ya gari yalitoka mbali: yalivuka bahari, yakapanda kutoka Matadi, na bei ilipanda nayo. Umeme, kinyume chake, ungeweza kuzaliwa hapo karibu. Mto Inkisi, katika Bas-Congo, una maporomoko makubwa, na mwaka huohuo wa 1955 kituo cha umeme cha Zongo kilianza kufanya kazi kwenye mto huo. (Inga ilikuja baadaye sana: Inga ya kwanza mwaka 1972, ya pili mwaka 1982.)

Sababu ya pili ilikuwa gharama za ujenzi. Kutandika reli za tramu au waya wa trolibasi katika mji unaopanuka kila mwezi ni kazi ngumu, maana leo unamaliza mstari na kesho watu wamejenga mbali zaidi. Jirobasi ilihitaji nguzo za umeme tu, moja kila kilometa 2 hivi.

Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa nzuri. Kampuni ya usafiri ya mji ilipata gari 12 na kufungua mistari 4. Hakuna mji mwingine uliowahi kuwa na jirobasi nyingi namna hiyo: Yverdon ilikuwa na mbili, Ghent ilipata tatu mwaka 1956. Tena zile za Léopoldville ndizo zilikuwa kubwa kuliko zote, za kubeba mpaka watu 90.

Hapo shida ilipoanza

Mashini iliyozaliwa kwenye barabara za Uswisi ilikutana na Léopoldville. Shida zake zilikuwa nne, na kila moja iliongeza nyingine.

*Barabara.* Njia kubwa zilikuwa na lami, lakini pembeni yake kulikuwa na barabara nyingi za udongo. Mashofere, ili wafupishe safari, walikuwa wanapitia njia za mkato kwenye udongo huo. Kiangazi haikuwa neno. Mvua ikinyesha, ile njia inageuka kuwa ziwa la matope, na basi ya karibu tani 11 inazama. Kila mtu aliyesafiri juu ya lori kati ya Masisi na Walikale mwezi wa kumi na moja anajua picha hiyo bila kuonyeshwa.

Usiharakishe kuwalaumu wale mashofere. Basi yao ilikuwa na nguvu ya kilometa chache tu kabla ya nguzo nyingine. Mtu mwenye nguvu ya kuhesabu anatafuta njia fupi. Kosa lilikuwa la waliopanga, walioleta basi bila kuangalia barabara itakayopita.

*Rulema.* Gurudumu lilishikwa na rulema, yaani zile mpira ndogo za chuma zinazowezesha ekseli kuzunguka. Hizo zilikuwa zinavunjika. Sababu inaeleweka. Kitu kinachozunguka mbio hakipendi kuinamishwa. Chukua gurudumu la kinga, lizungushe kwa nguvu ukiwa umelishika kwenye ekseli, halafu jaribu kuliinamisha: utasikia linakataa mkononi. Sasa fikiria gurudumu la tani 1.5 linalozunguka mara 3,000 kwa dakika, ndani ya basi inayoingia kwenye shimo na kutoka, ikilala upande huu na upande ule. Gurudumu linakataa, basi inalazimisha, na kinachoumia ni rulema katikati yao.

*Unyevu.* Hewa ya Léopoldville ni ya joto na yenye maji mengi. Unyevu uliingia kwenye mota za kusukuma matairi, na mota zikalemewa. Mota ya umeme na maji si marafiki, hiyo hata mtoto anajua.

*Umeme.* Hii ndiyo iliyoua. Kampuni ilipima ikakuta kila jirobasi inakula kilowati-saa 3.4 kwa kila kilometa. Kule Ghent, kwenye barabara nzuri na gari ndogo zaidi, ilikuwa 2.9. Tramu ya kawaida, inayobeba watu wengi kuliko jirobasi, ilikuwa inakula kati ya 2.0 na 2.4 tu.

Tufanye hesabu ya mfano ili namba hiyo ieleweke. Tuseme basi moja inatembea kilometa 100 kwa siku. Itakula kilowati-saa 340. Umeme huo ungewasha balbu 6,800 za wati 10, kila moja kwa saa tano za jioni. Basi moja, siku moja. Zidisha mara 12 kwa gari zote, utaelewa kwa nini wenye kampuni walishika kichwa.

Kwa nini ilikula hivyo? Kwanza, gari lilikuwa zito kwa sababu ya gurudumu na sanduku lake. Pili, nguvu ilibadilishwa mara nyingi: kutoka umeme kwenda mzunguko, mzunguko kuwa umeme tena, umeme kuwa mwendo wa matairi. Kila mabadiliko yanapoteza kidogo. Tatu, gurudumu haliachi kupoteza nguvu hata basi ikiwa imesimama. Linazunguka tu, na msuguano unalila polepole.

Mwisho wake

Katikati ya mwaka 1959, jirobasi za Léopoldville ziliacha kufanya kazi. Kampuni iliona haiwezi kuendelea kulipa umeme. Gari zikaachwa.

Mwaka ule ulikuwa mzito kwa Kongo kwa sababu nyingine. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, raia wa Léopoldville walisimama baada ya mkutano wa ABAKO kukatazwa, na watu wengi waliuawa na askari wa ukoloni. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, uhuru ulikuja. Katika mwendo wa mambo makubwa namna hiyo, basi 12 zilizoegeshwa hazikuvuta macho ya watu.

Ndugu zake wa Ulaya nao hawakuishi zaidi. Zile za Ghent, zilizokuwa zinakwenda mpaka Merelbeke, zilisimamishwa mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1959: zilikuwa zinaharibika mara kwa mara, zilikaa karakana kuliko barabarani, na uzito wake uliumiza barabara. Yverdon ilifunga mwezi wa kumi 1960. Leo imebaki jirobasi moja tu, namba G3 ya Ghent, inayotunzwa kwenye makumbusho ya tramu huko Antwerp, Ubelgiji.

Kinshasa yenyewe, baada ya uhuru, ilirudi kwenye mafuta. Usafiri wa watu wa kawaida ukawa wa fula-fula, yale malori yaliyowekewa sanduku la mbao na viti vya kubanana. Fula-fula haikuwa safi wala salama, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo jirobasi haikuwa nalo: fundi wa mtaani aliweza kuitengeneza, na kipande cha gari kilipatikana sokoni.

Wazo halikufa

Mtu anaweza kusema, basi, jirobasi ilikuwa upuuzi. Hapana. Wazo la kujaza nguvu kidogo kidogo kwenye vituo, wakati abiria wanapanda, limerudi miaka hii. Mwaka 2006, mji wa Shanghai kule China ulianza kutumia basi zinazochukua umeme kwenye vituo na kuuweka ndani ya vitunza-umeme vinavyojaa kwa muda mfupi. Geneva, Uswisi, ilianza kujaribu mwaka 2013 basi inayoitwa TOSA: inafika kituoni, mkono wa juu ya paa unagusa chombo cha umeme, sekunde chache, inaondoka. Mtu aliyepanda jirobasi mwaka 1955 angeitambua mara moja.

Kilichobadilika ni chombo cha kutunza nguvu. Betri za lithiamu za leo ni nyepesi, hazizunguki, hazihitaji rulema. Basi ya umeme ya siku hizi, ya ukubwa wa kawaida, inatumia kati ya kilowati-saa 1 na 1.5 kwa kilometa, yaani chini ya nusu ya ile ya Léopoldville.

Na hapa habari inarudi nyumbani. Betri nyingi za gari duniani zinatumia kobalti inayotoka Katanga. Koltani ya Masisi na Walikale inaingia ndani ya vyombo vya umeme vya dunia nzima. Inchi iliyokuwa na jirobasi nyingi kuliko zote mwaka 1955 ndiyo inayotoa udongo wa magari ya umeme ya leo, na bado mama wa Mpofi anabeba mzigo mgongoni.

Tunajifunza nini sisi wa mashariki?

Kivu ina maji na milima, kama Uswisi. Umeme wa mto Ruzizi unafika Goma na Bukavu. Kule Rutshuru, kituo cha Matebe kinazalisha karibu megawati 14. Mawazo ya pikipiki za umeme na gari za umeme yanaongezeka, na hakuna ubaya. Bei ya esanse inapopanda, kila motari analia, na bei ya kila kitu sokoni inapanda naye.

Lakini siku mradi wa namna hiyo ukifika kwenye groupement yenu, pamoja na picha nzuri na hotuba, historia ya Léopoldville inatupatia maswali ya kuuliza mbele ya kupiga makofi:

- *Barabara ni ipi?* Chombo hiki kilijaribiwa wapi? Kwenye lami, ao kwenye udongo wa mwezi wa kumi na moja?
- *Kinakula umeme kiasi gani kwa kilometa, na nani atalipa?* Wale wa 1955 walipata jibu la kweli baada ya kununua gari zote 12.
- *Umeme ukikatika, tunafanya namna gani?* Basi bila nguzo ni nyumba tu.
- *Nani atatengeneza?* Fundi wa hapa atafundishwa? Vipande vitapatikana Goma, ao vitaagizwa mbali kwa miezi sita?
- *Shofere ameulizwa?* Yeye ndiye anayejua njia watu wanayopita kweli. Ukimpangia mstari bila kumuuliza, atapita mkato, na mkato una matope.

Pale Goma, kwenye mzunguko wa barabara, kuna sanamu ya chukudu, na watu wanaiheshimu. Chukudu ni mbao, misumari na kipande cha mpira cha breki. Haikuja na mhandisi wa kigeni. Ilitengenezwa na watu waliojua barabara zao, mizigo yao na mfuko wao, na ndiyo maana ingali inashuka mlima mpaka leo. Haitoshi kwa maendeleo tunayoyataka. Mtu hawezi kupeleka mgonjwa hospitali juu ya chukudu kwa kilometa 60. Lakini chombo kingine kitakachokuja kuchukua nafasi yake kitapaswa kwanza kuweza njia ileile inayopita, mvua na kiangazi, kwa bei ambayo mkulima wa Nyabiondo anaweza kulipa.